Nimefuta Video Yangu Iliyotazamwa Zaidi, na Hii Ndiyo Sababu

Tangu Jumapili inboksi yangu imejaa swali moja tu: ile video ya MG imeenda wapi? Wengine mnadhani nimedukuliwa. Kuna msee ameniambia lazima iliondolewa kwa sababu niliweka wimbo wa mtu bila ruhusa. Hapana. Niliifuta mwenyewe, kwa kidole changu, saa nne usiku, na ilikuwa imetazamwa kuliko video zangu zingine zote ukizijumlisha.

Wacha nieleze. Stori iko na waya nyingi, lakini kama kwenu kuna gari lolote, hata kama si la kizamani, kuna kitu hapa kinaweza kukusaidia. Na kama ulifuata ile video ukafanya nilichofanya, usiwashe hiyo gari kabla hujamaliza kusoma.

Kwanza mjue nilikuwa wapi kichwani. Wale mmekaa hapa kitambo mnajua niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Uhandisi wa umeme. Nilikuwa na mitihani mitatu ya kurudia, deni la karo, na simu iliyokuwa imeanza kuniletea pesa kidogo. Nikatoka. Halafu nikafanya kile wengi wetu hufanya tukishatoka: badala ya kusema nimechoka na pesa imeisha, nikaanza kusema chuo hakina maana. Ikawa ndiyo chapa yangu. Kila video ilikuwa lazima niseme, "Hii hawafundishi chuoni." Mlikuwa mnapenda hiyo laini. Mimi pia niliipenda.

Mzee wangu ni fundi wa umeme wa magari pale Kariobangi Light Industries, tangu kabla sijazaliwa. Karo yangu ilitoka kwa stata za matatu na taa za lori. Nilipomwambia nimeacha chuo hakupiga kelele. Aliniuliza kama nimekula. Baada ya hapo hatukuongea karibu miezi saba, isipokuwa salamu kupitia kwa Mathe.

Sasa gari. Kuna mzee mmoja wa Lang'ata, daktari wa mifugo aliyestaafu, tutamwita Daktari. Yeye ana MGB ya 1972, ile ya wazi ya kukunja paa. Kwa wale hawajui, MGB ni gari la michezo la Kiingereza lililotengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980. Zilitoka zaidi ya 500,000, kwa hivyo si kitu nadra sana duniani, lakini hapa Nairobi ikipita barabarani kila mtu anageuka. Injini ya sisi 1,798, kabureta mbili, viti viwili, na sauti ambayo kamera inaipenda. Daktari alikuwa anataka kuipeleka Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, na alikuwa ameona video yangu nikitengeneza redio ya zamani. Akanipigia.

Shida yake ilikuwa rahisi kueleza. Akiwa kwa barabara wazi, gari sawa. Akiingia jamu jioni, mvua ikinyesha, taa zinafifia, waipa zinatembea kama zimechoka, na akifika nyumbani betri haina nguvu ya kuwasha tena.

Watu wa magari ya Kiingereza wana utani wao hapo. Vifaa vya umeme vya magari hayo vilitoka kampuni ya Lucas, iliyoanzishwa na Joseph Lucas, na wamiliki wamempa jina la Mfalme wa Giza. Nilianza video yangu na huo utani. Watu walicheka. Lakini ukipiga hesabu kwa utulivu utaona Lucas hana makosa hapa. Alternata iliyokuwa kwa hiyo gari ni Lucas 16ACR, ya ampea 34. Hizo ampea 34 unazipata injini ikizunguka kwa kasi. Ikiwa imesimama kwa jamu inanguruma tu polepole, inatoa kidogo zaidi. Na mwaka wa 1972 hiyo ilitosha, maana gari lilikuwa na taa za kawaida, waipa, na labda redio.

Daktari alikuwa ameongeza vitu. Taa za halojeni mbili za wati 55 kila moja: gawa wati 110 kwa volti 13 na nusu, hiyo ni ampea 8 hivi. Feni ya umeme ya radieta, kwa sababu ya jamu za Nairobi, karibu ampea 10. Weka ignisheni, pampu ya petroli, waipa, taa ndogo, redio, chaja ya simu. Unakaribia ampea 30, na injini iko polepole. Betri inaanza kulipa tofauti. Ukikaa kwa jamu saa moja, betri imeisha.

Suluhisho langu: tuweke alternata kubwa. Nikaenda Kirinyaga Road, ile wazazi wetu bado wanaita Grogan, nikachukua alternata ya ex-Japan ya Toyota Corolla. Ni ya Denso, ampea 70, ndogo, nyepesi, na kila fundi Kenya anaijua. Nilikuwa sahihi hapo. Watu wengi duniani wenye magari kama hayo hufanya mabadiliko ya aina hii.

Kuifunga kulichukua asubuhi nzima. Puli ya Toyota ina mifereji midogo mingi, na MGB inatumia mkanda mmoja wa umbo la V, kwa hivyo tukabadilisha puli. Tukachonga vipande vya chuma vya kujaza nafasi kwenye braketi ili mkanda uende sawa. Hiyo sehemu ilitoka safi sana kwa kamera.

Halafu zikafika waya. Alternata ya Lucas ina plagi yenye vichwa vikubwa vya kutoa umeme, na kimoja kidogo cha taa ya onyo. Ile ya Denso ina boliti moja kubwa nyuma, inaitwa B, na plagi ya waya tatu: L, IG na S. L inaenda kwa taa ya onyo ya dashibodi. IG inapata umeme ukifungua ufunguo, ndiyo inaiamsha alternata. S ndiyo watu hawaelewi. Hiyo ni jicho. Inaangalia volti za betri, ili alternata ijue iongeze au ipunguze.

Nilisoma rangi za waya na nikajiona mwanaume. Magari ya Kiingereza yana utaratibu mzuri sana wa rangi. Kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri. Nyeupe ni ya ignisheni. Kijani ni ya ignisheni iliyopitia fyuzi. Zambarau iko na umeme saa zote lakini imepitia fyuzi. Nyeusi ni ya bodi, ile mafundi wanaita athi. Kahawia yenye mstari wa manjano ni ya taa ya onyo. Nikaunganisha kahawia-manjano kwa L. Nikapeleka kijani kwa IG. Hizo mbili zilikuwa sawa.

Kisha nikachukua ule waya wa kahawia wa zamani, uliokuwa umefungwa kwa Lucas miaka hamsini, nikakata kichwa chake, nikabana kichwa kipya cha mviringo kwa koleo ya kawaida, nikazungushia tepu nyeusi, nikafunga kwa boliti ya B. S nikaiunganisha hapo hapo nyuma ya alternata, kwa B, kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu. Fyuzi sikuweka. Gari haikuwa na fyuzi kwa waya huo tangu itoke kiwandani, nikasema kama haikuhitaji wakati huo, haihitaji sasa.

Tukawasha. Taa ya onyo ikazima. Daktari akapiga makofi. Na mimi, ili nionyeshe watu kwamba alternata inafanya kazi kweli, nikachomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma. Injini haikuzima. Nikaangalia kamera nikasema, "Hii hawafundishi chuoni."

Mnajua vile hiyo video ilienda. Gari jekundu, sauti tamu, kijana aliyeacha chuo akifanya kazi ya mhandisi. Kwa wiki moja nilipata wafuasi wengi kuliko mwaka mzima uliotangulia. Ilikuwa inalipa nusu ya kodi yangu ya nyumba.

Siku ya nne, Mzee akanitumia voisi kwa WhatsApp. Ya kwanza kwa miezi saba. Ilikuwa na maneno machache tu: "Huo waya wa kahawia, uliubadilisha?"

Niliisikiza mara mbili. Sikujibu. Niseme ukweli mbele yenu wote: nilijua jibu ni hapana, na nilijua akiuliza hivyo kuna shida. Lakini nilisikia kitu kingine. Nilisikia mtu ambaye hajaniambia pongezi hata siku moja, sasa amepata mahali pa kunikosoa. Nikaacha tiki za buluu hapo.

Siku tisa baadaye Daktari akanipigia saa moja usiku. Alikuwa amesimama kando ya Ngong Road, kwa mvua, boneti imefunguliwa, na moshi.

Hii ndiyo ilitokea. Gari ilikuwa imekaa siku kadhaa, na redio iliachwa ikiwa wazi, betri ikaisha kabisa. Jirani akamsaidia kuwasha kwa waya za kujampia. Akatoka nayo jioni ile ile: taa, waipa, feni, zote zikiwaka, na betri tupu nyuma ya kiti. Baada ya kama dakika kumi na tano akasikia harufu ya plastiki inayoungua, akaona moshi ukitoka pembeni ya boneti. Akazima, akaruka nje.

Alikuwa na bahati. Ganda la waya lilikuwa limeyeyuka karibu na kile kichwa nilichobana kwa koleo, lakini shaba haikuwa imegusa chuma bado. Kama ingegusa, hata ukizima injini moto hauishi, kwa sababu upande wa pili wa huo waya kuna betri na katikati hakuna fyuzi. Na chini kidogo kulikuwa na petroli.

Daktari ana miaka sabini na mbili. Hakunitusi. Alisema tu, "Kijana, kuja uone." Hiyo sentensi imekaa na mimi kuliko tusi lolote.

Nilipiga simu moja njiani. Nikasema, "Mzee, shikamoo. Sikuubadilisha."

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kesho saa mbili. Kuja na mita yako."

Asubuhi tulikuwa Lang'ata. Mzee alikuja na begi lake la zipu iliyoharibika. Akamsalimia Daktari, akaomba maji, akainama kwa injini dakika tano bila kusema kitu. Halafu akaniuliza swali ambalo ningeweza kulijibu kwa mtihani: "Alternata ya sabini, inasukuma sabini?"

Nikasema ndiyo.

"Hapana. Haisukumi. Inavutwa. Ukiwasha taa moja, inatoa ya taa moja. Hiyo sabini ni uwezo, kama vile mtu mwenye nguvu anaweza kubeba gunia mbili lakini sasa amebeba sahani. Sasa niambie, nani alivuta?"

Na hapo nikaelewa kabla hajamaliza. Betri tupu. Betri iliyojaa inavuta kidogo. Betri iliyoisha kabisa inavuta kila kitu inachopata. Alternata ya Lucas, hata betri ingekuwa tupu aje, haingeweza kutoa zaidi ya 34, na waya ulitengenezwa ukijua hivyo. Mimi nikaweka kitu kinachoweza kutoa mara mbili, nikaacha njia ile ile. Siku zote za kawaida ilifanya kazi vizuri. Ilingoja siku moja mbaya.

Alinifanya nipime kabla hajarekebisha chochote. Tulikuwa tumekata ile sehemu iliyoungua na kubana tena kichwa vile vile nilivyobana mara ya kwanza, na betri ilikuwa imechajiwa usiku. Gari ikawashwa, injini kama mizunguko 2,000, taa na feni zikiwa wazi. Mita ikiwa kwa volti, waya mwekundu kwa boliti ya B ya alternata, mweusi kwa kichwa cha chanya cha betri. Kama njia ni nzuri, mita inasoma karibu sifuri. Ikivuka nusu volti, una shida. Yangu ilisoma 1.1.

Yaani alternata ilikuwa inatoa 14.2 na betri inapata 13.1. Ile volti 1.1 iliyopotea haikuenda mbinguni. Kama ampea 30 zinapita, zidisha 1.1 kwa 30: wati 33, zote zikiwa joto. Hiyo ni kama kuacha chuma cha kulehemia solda kimewaka ndani ya tepu nyeusi. Sasa leta ile jioni ya mvua na betri tupu, weka ampea 50. Joto haliongezeki kwa kipimo kile kile, linaenda na mraba wa ampea. Unapata zaidi ya wati 90 kwa kijisehemu cha waya kisichotosha kuzungusha kidole.

Wasee, hii ni V ni sawa na I mara R. Nimeiandika kwa ubao. Nimefanya mtihani wake na nikapita. Na Mzee alinifundisha kitu hicho hicho nikiwa darasa la sita, akinionyesha vile kichwa cha betri chenye kutu kinavyopata joto. Chuo kilifundisha. Nyumbani nilifundishwa. Ni mimi sikupima.

Halafu akanionyesha ile S. Kwa sababu niliiunganisha nyuma ya alternata, jicho lilikuwa linajiangalia kwa kioo. Alternata ilijiona inatoa 14.2, ikasema kazi safi, na haikujua betri inapata 13.1.

Na kuhusu kuchomoa kichwa cha betri gari ikiwa inanguruma, alinivutia simu yake, akacheza video yangu hadi hapo, akaisimamisha. "Hii ulitoa kwa nani?" Ukweli ni kwamba nimeona mafundi wengi wakifanya. Akasema ni tabia ya siku za dainamo iliyobaki. Kwa alternata, betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka juu kabla regyuleta haijashika, na hizo zinaweza kuua daiodi za alternata. Kwa MGB huenda ukapoteza alternata tu. Kwa gari la kisasa lenye kompyuta unaweza kupoteza zaidi. Mita ya bei ya chini inakuambia ukweli ule ule bila hatari: injini ikiwa imezimwa na betri imejaa, utaona kama 12.6. Ikiwashwa, unataka kati ya 13.8 na 14.5 ukipima kwenye betri yenyewe.

Hivi ndivyo tulivyorekebisha, na mpangilio ni muhimu.

Kwanza tulitoa kichwa cha betri cha upande wa bodi, injini ikiwa imezimwa. Boliti ya B ina umeme wa betri saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana yako ikigusa B na injini kwa wakati mmoja, utaona radi mchana.

Pili, waya mpya wa 16 mil kutoka B hadi boliti kubwa ya solenoidi ya stata, pale waya mnene wa betri unapofika. Kwa MGB alternata na stata ziko upande mmoja wa injini, kwa hivyo ni kipande kifupi tu. Ule wa kahawia wa zamani tuliutoa kabisa pale kwa alternata, ncha yake tukaiziba isiguse kitu.

Tatu, vichwa vya shaba vilivyobanwa kwa koleo lenyewe la kubania, lile refu la mikono miwili. Mzee alivuta kila kimoja kwa nguvu zake zote baada ya kubana. Alisema moto mwingi aliouona kwa miaka yake hautoki katikati ya waya. Unatoka kwa maungio.

Nne, fyuzi ya ampea 80, na iko upande wa solenoidi, sio upande wa alternata. Nilimuuliza kwa nini. Akasema fikiria waya umekatika katikati na umegusa bodi: nani ataleta moto mkubwa? Ni betri. Kwa hivyo fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana.

Tano, S ikapelekwa kwa boliti ya solenoidi, upande wa betri, na kafyuzi kake kadogo.

Sita, waya mnene wa bodi. Sikuwa nimeufikiria kabisa. Umeme unaoenda lazima urudi. Ule wa zamani kati ya injini na bodi ulikuwa umeoza chini ya grisi. Tukaubadilisha.

Tukapima tena. Mizunguko 2,000, taa, feni, waipa. Kati ya B na betri: 0.1. Betri ikisoma 14.1. Mzee akafunga begi.

Nilidhani hapo tumemaliza. Nilikuwa hata nimeanza kufikiria video ya pili itakuwa kali aje. Ndiyo akaniuliza, bila kuniangalia, akipangusa mikono: "Ni wangapi wamefanya vile ulifanya?"

Nilirudi nyumbani nikasoma komenti. Zote. Sijawahi kusoma komenti zangu hivyo, kawaida naangalia idadi. Kulikuwa na watu kumi na moja walioandika kitu kama "nimefanya hii leo, inafanya kazi." Mmoja ana Peugeot 504 ya babake. Mmoja ana Land Rover ya shamba. Kuna mmoja aliandika kwamba mdogo wake ndiye amefunga, ana miaka kumi na sita.

Rafiki zangu wa kontenti waliniambia nisifute. Wakasema weka komenti ya kusahihisha, ibandike juu, maisha yaendelee. Nilifikiria hilo kwa siku mbili, na sitawadanganya, nilikuwa nahesabu pesa. Lakini mimi mwenyewe, ni lini mara ya mwisho nilisoma komenti iliyobandikwa? Video inaangaliwa na mtu akiwa ameinama kwa injini na mikono ina grisi. Anaangalia mikono yangu inafanya nini, anafanya hivyo.

Kwa hivyo niliwaandikia wote kumi na moja, mmoja mmoja. Halafu nikaifuta. Wanane wamejibu. Wawili wamesema waya wao ulikuwa na joto hauwezi kushika. Yule wa mdogo wake hajajibu bado. Kama unasoma hapa, tafadhali nijibu.

Sasa, maoni yangu, kwa sababu ndiyo mlikuja kusoma.

Sisemi narudi chuo. Bado sijui. Na sisemi kwamba lazima uwe na digrii ndiyo ufundishe mtu kitu. Mzee wangu hana hata moja. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na watu wawili kwa hiyo video, mmoja anajua kufunga alternata na mwingine anajua kuongea na kamera, na wote walikuwa mimi, na yule wa kamera ndiye alikuwa anaamua. Yeye ndiye alisema hakuna wakati wa kununua waya mpya kwa sababu mwanga wa jioni unaisha. Yeye ndiye alichomoa betri. Na Mzee alipouliza swali, yeye ndiye alinyamaza.

Ile laini ya "hawafundishi chuoni" nimeiacha pia. Walifundisha.

Video mpya iko tayari. Ni ya dakika ishirini na mbili, haina muziki, na sehemu kubwa ni mkono wa mtu mzima ukishika mita. Hataki uso wake uonekane, ameniambia hivyo mara tatu. Najua haitaenda popote. Itakaa tu pale, mtu akiihitaji aipate.

Daktari bado ananiamini na gari yake, sijui kwa nini. Jumamosi iliyopita tuliipeleka jioni hadi Karen na kurudi, kwa jamu, taa zote zikiwaka. Mzee alikaa kiti cha abiria, mimi nikawafuata na boda. Tulipofika alifungua boneti, akaweka kiganja juu ya ule waya mpya, akakiacha hapo kidogo.

"Baridi," akasema. Halafu akaniuliza kama nimekula.